Gari Linanipiga Shoti Nikishuka: Je, Betri Inavuja?

Swali: Naishi Nyakato, Mwanza. Tangu mwezi wa saba, gari langu dogo la petroli hunipiga shoti kila ninaposhuka na kugusa mlango, na taa za mbele hufifia nikisimama kwenye foleni. Fundi amesema unyevu wa ziwa umeingia kwenye nyaya na betri inavujisha umeme kwenye bodi. Fyuzi moja iliyokuwa ikiungua ameiondoa na kuweka kipande cha waya. Je, ninunue betri mpya?

Jibu: Ndugu msomaji, usinunue betri bado. Volti 12 haziwezi kupenya ngozi kavu kiasi cha kukushtua. Fundi wako mwenyewe hushika ncha zote mbili za betri kwa mikono mitupu huku akiendelea na mazungumzo. Kinachokupiga ni umeme tuli, unaotokea nguo zako zinaposuguana na kitambaa cha kiti wakati unajivuta kutoka. Mwili hubaki na maelfu ya volti, lakini chaji yenyewe ni ndogo mno, na ukigusa bati huruka kwa cheche moja ikaisha. Huo unyevu wa ziwa unaosingiziwa ndio, kwa kweli, unaosaidia chaji kutawanyika, na ndiyo maana malalamiko haya hunijia zaidi miezi ya kiangazi, hewa ikiwa kavu. Ukiwa bado umekaa, shika bati la fremu ya mlango na usiliachie mpaka miguu yote miwili ifike chini. Shoti ikikoma, umepata jibu bila kutoa hata shilingi. Kwenye kituo cha mafuta, gusa bati kabla ya kusogelea pampu, wala usirudi kukaa kitini wakati mafuta yanaingia.

Taa kufifia ni jambo jingine. Kagua waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi, na usafishe ule unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri, ambao hutokana na asidi ya betri na si maji ya ziwa, kwani Ziwa Victoria halina maji ya chumvi. Kisha pima kwa mita: injini ikiwaka, volti ziwe kati ya 13.5 na 14.5. Zikipungua hapo, ndipo tuzungumzie alteneta, yaani kifaa kinachochaji betri injini ikiwaka.

Kinachonitia hasira ni huo waya. Fyuzi haiungui kwa sababu ni mbovu. Inaungua kwa sababu kuna mahali umeme unapita kupita kiasi, na kuiziba ni kumnyamazisha mbwa wakati mwizi yuko uani. Niliwahi kufungua kisanduku cha fyuzi nikakuta, mahali pa fyuzi ya ampia 10, uzi wa shaba uliokunjwa mara tatu, na plastiki ya pembeni imegeuka kahawia na kulegea kama nta. Chanzo kilikuwa waya uliochubuka chini ya zulia na kugusa bati. Kuufunika upya ilikuwa kazi ya dakika kumi. Mwenye gari alikuwa ameendesha hivyo kwa wiki kadhaa, watoto wakiwa viti vya nyuma.

Mbaya zaidi, mikono hiyohiyo sasa inafungua magari ya haibridi, yaani yanayotumia petroli na umeme, ambayo nyaya zake za rangi ya chungwa hubeba volti za kuua. Fundi anayeamini kwamba volti 12 ndizo zinazokupiga shoti mlangoni atazishika hizo pia bila glavu.