Muulize Fundi: Stadi za Nako Zimekatika, Ninunue Nako Ngumu Zaidi?

SWALI: Fundi habari za kazi. Mimi dereva wa watalii hapa Karatu, natembelea Land Cruiser 79 iliyorefushwa, injini 1HZ, mbele ina koili. Wiki tatu zilizopita natoka Engare Sero na wageni watano, kufika karibu na Engaruka stelingi ikawa ya ajabu, nikikata upande mmoja gari inaitika, nikikata upande wa pili inafikiria kwanza. Kushuka nakuta ule mkono uliofungwa kwenye nako unacheza, stadi mbili zimekatika na mbili zimelegea. Fundi wa pale akauchomelea tukarudi nyumbani. Sasa bosi anasema nako za Toyota dhaifu, tuagize ngumu kutoka nje, na kuna jamaa mwingine Arusha anasema atatuchongea kwa bei poa. Tairi ni 285/75R16 na ringi zimetokeza nje kidogo. Tufanyeje? (Dereva, Karatu)

JIBU: Pole sana mkuu, na bora ilikukuta kule tambarare kuliko ingekukuta unashuka kreta na wageni. Kabla ya yote, hiyo gari yenye mkono uliochomelewa usiitoe tena, hata ya kwenda sokoni. Ilikurudisha nyumbani, kazi yake imeisha.

Sasa tuongee. Nako ni lile bonge la chuma linalofunika mpira wa aksili, yaani lile tufe la chuma mwisho wa aksili, kwa nje limebeba hab na tairi, juu na chini lina beringi za kingpini ndo linageukia hapo. Ule mkono wa stelingi umefungwa kwa stadi 4 basi, vile vijiti vya nyuzi vinavyokazwa kwa nati. Watu wengi wanadhani zile stadi ndo zinasukuma tairi. Hapana. Nati ikikazwa sawasawa stadi inavutika kidogo sana, inataka kurudi, na kule kutaka kurudi ndo kunaubana mkono kwenye nako mpaka msuguano wa chuma kwa chuma unabeba mzigo wote. Zile washa za koni zinaziba nafasi kati ya stadi na tundu ili mkono usipate pa kusogea. Siku nati ikilegea hata robo mzunguko, mkono unaanza kwenda nusu milimita na kurudi nusu milimita, na kwenye ile barabara yenu yenye rasta hilo linatokea mara ngapi kwa dakika wewe unajua kuliko mimi, hapo sasa stadi inakatwa kama waya unavyokunjwa kunjwa na mkono.

Fanya hivi, chukua zile stadi zilizokatika uziangalie pale zilipokatikia, juani. Ukiona sehemu kubwa ni laini, ina mistari kama ya gamba la kombe, pengine na kutu kidogo, halafu kipande kidogo cha mwisho kina chenga chenga zinazong'aa, ujue ilikuwa inakufa taratibu kwa wiki kadhaa huku gari inatembea. Ikiwa uso wote ni chenga chenga, basi uligonga kitu kikubwa siku ileile. Mimi nabeti ni ya kwanza, maana umesema mbili zilikuwa zimelegea.

Kwa hiyo naomba bosi asikasirike ila shida yenu siyo udhaifu wa nako, shida ni kukaza. Gari ya watalii yenye tairi za 285 haihitaji nako za mashindano, inahitaji nako orijino nzima, stadi nzuri na mtu mwenye spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza.

Hii mnayo sasa lakini haifai tena, na kilichoiua ni weldingi. Nako ni ya kusubu, ukiichoma moto mkali halafu ikapoa haraka, pembeni ya weldingi chuma kinakuwa kigumu kama kioo, na kigumu cha namna hiyo hakipindi, kinapasuka. Mkono nao vilevile. Tafuteni vyote viwili orijino, hata used kutoka kwa wanaokata magari, ila mvipime kabla ya kutoa hela. Kipimo cha maskini kipo: osha nako kwa petroli, ikauke, paka mafuta ya taa, subiri kama dakika kumi, futa ikauke kabisa, halafu paka chaki nyeupe. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yanatoka yanachora mstari mweusi kwenye chaki. Angalia zaidi kuzunguka matundu ya stadi na pale inapofungwa spindo, ule mhimili unaobeba hab. Na yale matundu ya koni ya kwenye mkono, tundu likishakuwa yai usinunue.

Jamaa wa Arusha mwambieni asante. Simdharau, wapo wachongaji pale wana mikono ya dhahabu, ila nako siyo bushi. Beringi ya juu na ya chini lazima ziwe kwenye mstari mmoja, na uso wa spindo uwe na pembe yake, ukikosea kidogo tairi zinalika upande mmoja na usukani haurudi wenyewe. Halafu chuma chenyewe anakitoa wapi? Kuna chuma cha kusubu kinachopinda kabla ya kupasuka na kuna kile cha kawaida kinachopasuka bila kuaga, kwa macho vinafanana. Ukivigonga nyundo cha kwanza kinalia kama kengele, cha pili kinalia bubu, lakini mimi siwezi kupakia wageni kwa kusikiliza mlio tu.

Stadi sasa. Usikubali zile za kukata kwenye rodi ya nyuzi ya duka la vifaa vya ujenzi, mimi nilishafungiwa hizo, gereji siitaji, zilidumu safari mbili. Chukua orijino, au kama ni za kununua pembeni ziwe 10.9, hiyo 10 maana yake inavumilia kuvutwa kama megapaskali 1000, wakati rodi ile ya ujenzi mara nyingi haifiki hata nusu. Kabla ya kufunga, uso wa nako na wa mkono uwe mkavu kabisa, bila rangi, bila grisi, bila gundi ya gasketi iliyoganda, maana rangi ikija kusagika baadaye ule mkazo wote umepotea. Badilisha zote 4 na koni zake, siyo mbili zilizokatika. Kaza kwa toki ya kitabu cha gari yako, kwa Land Cruiser 80 ni Nm 96 ili upate picha. Tembea kama kilomita 500 ukaze tena. Halafu chora mstari wa rangi nyeupe kutoka kwenye nati mpaka kwenye mkono, asubuhi ukikagua gari unainama sekunde mbili, mistari ikiwa haijaachana unaondoka.

Na ringi zilizotokeza rudisheni zile za zamani. Tairi ikisogea nje, kila jiwe inaloligonga linapata nyenzo ndefu ya kuizungusha nako, na anayelipa ni ule mkono.

SWALI: Fundi, Hardtop yangu mkonga inatoa mchuzi mweusi kwenye mpira wa aksili mbele, wananiambia ninunue nako mpya. Kweli? (Dodoma)

JIBU: Hapana bwana, usiliwe hela. Huo mchuzi ni oili ya difu imepita sili ya ndani ya shafti ikachanganyika na grisi ya sivijointi, ile jointi inayozungusha tairi hata ikiwa imekatwa. Fungua, osha, badilisha sili ya ndani na zile za kufuta mpira kwa nyuma, na ukiwa humo humo badilisha beringi za kingpini kama zina alama. Ukirudishia, pima ugumu wa kugeuka, nako ikiwa haijafungwa rodi, kwa mizani ya kuning'iniza ile ya wauza nyama, ivute kwenye tundu la tairodi, ile rodi inayounganisha nako mbili. Kwa 80 kitabu kinataka karibu kilo 3 mpaka 5.7 ndo ianze kugeuka. Ikiwa laini mno punguza shimu, vile vibati vyembamba vya kujazia, ikiwa ngumu ongeza. Beringi zikiwa na uhuru ndo gari inaanza kutetemesha usukani kwenye spidi, halafu lawama zote anapewa fundi wa alaimenti.

SWALI: Niaje fundi, mimi niko Nanyuki, niko na Hilux LN106, tunaijenga na mabeshte ya kwenda Rhino Charge, yale mashindano ya magari porini huku Kenya, siku moja. Tairi 35, difu ya mbele imefungwa loka ya kuzungusha tairi zote mbili pamoja, na tumeinua tairodi juu ya springi kwa mikono mirefu. Hapo pia utasema nako orijino zinatosha?

JIBU: Hapo sisemi! Yale mashindano yana vituo 13 ndani ya masaa 10 na anayeshinda ni aliyetembea umbali mfupi, maana yake utapita palipo na mawe wakati njia nzuri unaiona pembeni. Mkono ukikaa juu vile unajaribu kujing'oa kwenye nako, siyo kusukumwa pembeni tu, na zile stadi 4 za Hilux ndo zinaanza kukatika hata zikikazwa vizuri. Marekani wanatengeneza nako za aksili hizi zenye stadi 6 juu, ni nusu zaidi ya mbano uliokuwa nao, na chuma chake kinene kuzunguka matundu. Nunua, ila nunua pamoja na mikono yake ya matundu 6, ile yenu ya 4 haitaingia na nimeona watu wamelipia shipingi mara mbili kwa sababu hiyo.

Halafu mjue mkishaimarisha nako, kinachofuata kuvunjika ni sivijointi, hasa stelingi ikiwa imekatwa mpaka mwisho, loka imeshika na tairi imekwama kati ya mawe mawili. Rekebisheni bolti za kuzuia stelingi ili jointi isifike mwisho kabisa, na mbebe shafti moja nzima na sivijointi yake kila upande. Pia ikanyageni springi mpaka mwisho gari ikiwa gereji muone rodi haigusi kitu, msije mkagundua huko porini.

Nako zenu za zamani msitupe, zitapata mtu. Zingekuwa za 79 ningekuunganisha na yule wa Karatu.