Shangazi, nahisi mkia ambao sina

Marahaba, mwanangu. Umeniandikia kutoka Minneapolis kwamba tangu ukiwa na miaka 11 umejihisi chui ndani ya mwili wa binadamu, kwamba wenzako wa mtandaoni hujiita matheriani, yaani watu wanaojihisi wanyama kwa ndani, na kwamba ukikaa kwenye basi huhisi mkia ukibanwa kati ya mgongo na kiti. Unauliza kama taamuli, yaani kukaa kimya na kuifuata pumzi, itakuonyesha wewe ni nani, na unaogopa mama yako atasema umerogwa.

Kwanza nikuondolee hofu ya wazimu. Jina la theriani lilianza kutumika kwenye mijadala ya intaneti miaka ya 1990, na wengi wanaojiita hivyo wanajua, kama wewe ujuavyo, kwamba miili yao ni ya binadamu.

Mwaka 1979, katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Jon Kabat-Zinn alianzisha mafunzo ya taamuli kwa wagonjwa wenye maumivu yasiyokwisha, nao wakafundishwa kuupitia mwili kiungo baada ya kiungo, bila kujiuliza maumivu yana maana gani, bali yakoje. Fanya vivyo hivyo kwa dakika 10: anzia vidoleni mwa miguu, upande taratibu hadi kwenye kifandugu. Mkia ukija, usikimbilie kusema huyo ni chui. Je, ni uzito au ni joto? Umeanzia wapi hasa? Hutulia pumzi inapotoka? Kabla haujaja, nani alikuwa amekuambia nini? Ukimaliza, andika daftarini. Huenda ukaona huja ukiwa na woga, au ukiwa na raha kuu, au huja tu bila sababu, na lolote kati ya hayo ni habari ya kweli juu yako.

Wale wanaokushauri ufumbe macho kila usiku umwite mnyama wako siwaungi mkono. Ukimwita atakuja, kwa kuwa akili humpa mtu anachokiomba, nawe hutajua kama umemkuta au umemtengeneza.

Taamuli nayo ina hatari zake. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown walichapisha maelezo ya watu waliopatwa na hofu kali, na hata kujihisi wametengana na miili yao, kutokana nayo. Ukiinuka ukauona mwili si wako, au usingizi ukakupotea, acha mara moja, nawa uso kwa maji baridi, kisha umwone mshauri wa chuoni kwako, na usimfiche habari za chui.

Kuhusu mama, umesema amekulia Singida, ambako miaka ya 1940 watu waliuawa na kesi za watu-simba, yaani watu waliodaiwa kuua kama simba, zikafika mahakamani. Basi hofu yake ina mizizi, usiidharau. Usimwanzie kwa jina la theriani. Mkiwa mnakunywa chai, mwanzie kwenye basi, umweleze unavyosogea mbele kidogo ili mkia upate nafasi, kisha nyamaza umsikilize.