Sufuria ya Wali Haiguswi: Kwa Mnaoanza Kuongoza Safari za Mapishi ya Bukini

Wadogo zetu,

Kila msimu wa ukavu, wageni wa Mombasa, Unguja na Dar es Salaam wanapoanza kuteremka Antananarivo, mji mkuu wa Bukini (Madagaska), jambo lile lile hurudi. Chakula kimepakuliwa nyumbani kwa mwenyeji, wageni wameketi, na mwongozaji mpya, kwa nia safi kabisa ya kusaidia, anaingia jikoni. Anaiona sufuria ya wali ina ukoko chini. Anatia maji, anatia sabuni, anailoweka. Mama mwenye nyumba anatabasamu na hasemi kitu. Kinywaji cha meza nzima, ambacho kingetoka kwenye ukoko ule, kimeshaharibika.

Mmefunzwa majina ya vyakula na mnayatamka vizuri kutushinda. Bado, wengi wenu mnaiongoza safari kama orodha ya kuonja: hiki tumekula, twende kile. Meza ya Kimalagasi haiendi hivyo. Ina sufuria moja ya wali, na kila kitu kingine kinaizunguka. Mkiishika hiyo, mengine yatajipanga.

1. Wali ndio mlo

Neno *vary* linabeba mpunga, mchele na wali kwa pamoja. Kula mlo ni *mihinam-bary*, yaani kula wali. Kinachowekwa pembeni yake, kiwe nyama, samaki au majani, kinaitwa *laoka*, na hapo ninyi mna bahati kuliko waongozaji wa wageni wa Ulaya: waambieni wageni wenu kwamba laoka ni kitoweo, wataelewa papo hapo. Kitoweo hufuata wali, hakiutangulii. Msiagize laoka sita kwa watu wanne. Mbili zinatosha, na bakuli la *lasary*, kachumbari au achari ya mboga, na kijibakuli cha *sakay*, pilipili iliyosagwa na tangawizi na vitunguu saumu. Sakay haipikwi ndani ya chakula. Kila mtu anajitilia mwenyewe, kwa hiyo msimwombe mpishi aongeze au apunguze pilipili.

Sokoni mchele hupimwa kwa *kapoaka*, kopo la maziwa mazito. Kapoaka tatu na nusu ni kilo moja. Kwa wageni wetu hesabuni moja kwa watu wawili. Mtu aliyetoka shambani huimaliza peke yake.

2. Ukoko

Hapa tutakaa kidogo, maana ndipo tunapoumia. Na tukiri wazi: sisi tuliofunzwa kupika pwani ndio wakosaji wakubwa. Tumelelewa kuuona ukoko kuwa haki ya watoto wanaokwangua sufuria, au aibu ya mpishi aliyezubaa. Basi tukiachiwa jiko la mwenyeji tunapika wali wa kwetu: kijiko cha mafuta, chumvi, pengine na tui, kisha tunapalia makaa juu ya mfuniko. Wali unatoka unanukia, punje zimeachana, wageni wanasifu. Na *ranovola* imeshaharibika kabla haijaanza.

Ranovola ni maji yanayochemshwa ndani ya sufuria ile ile ya wali, juu ya ukoko ulioungua kiasi, unaoitwa *ampango*. Ndiyo sababu wengine huyaita *ranon'ampango*, maji ya ukoko. Hunywewa pamoja na mlo, ya moto au ya vuguvugu. Yana rangi ya chai nyepesi na harufu ya nafaka iliyokaangwa, na hayatiwi sukari. Wali wa Kimalagasi wa kila siku haupikwi kwa chumvi wala mafuta, na sababu mojawapo iko hapa. Ukitia chumvi, maji yanakuwa ya chumvi. Ukitia mafuta, yanaelea juu kama mchuzi uliopoa. Tui ndilo baya zaidi, kwa kuwa huungua mapema kuliko mchele wenyewe na maji yote yananuka nazi iliyoungua. Makaa ya juu ya mfuniko nayo yanakausha wali kutoka juu, chini kunabaki utando mwembamba usiotoa ladha.

Fanyeni hivi. Mchele kapoaka nne, upepetwe na kuchaguliwa vizuri kwa sababu changarawe hazikosi, uoshwe maji matatu. Sufuria iwe ya alumini ya kusubu, zile nene chini zinazotengenezwa Ambatolampy. Sufuria isiyogandisha haifai hata kidogo, na jiko la umeme la kupikia wali linazima lenyewe kabla ukoko haujashika. Maji kapoaka sita hadi saba kulingana na mchele. Makalioka, mchele wa upande wa ziwa Alaotra, mjaribuni kwa kidogo kwanza, msikariri kipimo cha mchele mwingine. Moto mkali mpaka maji yashuke usawa wa wali na vijishimo vitokeze juu. Punguzeni makaa ya *fatapera*, jiko la mkaa, funikeni, dakika 20. Msikoroge. Anayekoroga anauvunja ukoko ukiwa bado uji.

Dakika tano za mwisho rudisheni makaa mawili matatu chini, mkitega pua. Harufu ikianza kufanana na mahindi ya kuchoma, pakueni wali kwa mwiko mkiacha tabaka la chini. Sasa sufuria inarudi motoni ikiwa na ukoko peke yake, dakika mbili hadi tatu. Uangalieni kwa karibu: pembeni unajikunja na kuachana na sufuria, katikati unakuwa wa kahawia kama ganda la korosho iliyookwa, na ukiugonga kwa kijiko unalia kama kigae. Hapo mimineni lita moja na nusu ya maji. Yatapiga kelele na kutoa mvuke, msiogope. Yachemke sawasawa dakika kumi, chujeni, pelekeni mezani.

Ukiwahi kabla ya hapo, unapata maji ya uji. Ukichelewa mpaka ukoko wote uwe mweusi, unapata uchungu usiotoka hata ukiongeza maji. Madoa meusi pembeni yanaruhusiwa, katikati hapana.

Kuna faida nyingine ambayo wageni huielewa haraka: maji haya yamechemka. Mgeni mwenye tumbo jepesi anywe ranovola kwa amani, mradi hakuna aliyeipoza kwa maji ya bomba au barafu. Kaeni karibu na jagi mpaka lifike mezani.

Na kama sufuria imeshalowekwa? Semeni *azafady, tompoko*, ombeni radhi kwa adabu, kisha chukueni konzi mbili za wali uliobaki, muubandike kwenye sakafu ya sufuria nyingine safi na kavu, muukaushe kwa moto wa wastani dakika nane hadi kumi, ndipo mtie maji. Haitakuwa ile ya kwanza, lakini meza haitakaa kavu. Wamalagasi wana methali ya kutaka watu wawe kama *vary sy rano*, wali na maji: shambani haviachani, mjini havitupani. Ukimwaga ukoko umevitenganisha kwenye hatua ya mwisho kabisa.

3. Romazava ni mchuzi mweupe

*Ro* ni mchuzi, *mazava* ni angavu. Msiruhusu nyanya ya kopo, bizari wala unga kuingia. Nyama ya ng'ombe wa nundu kilo moja, yenye mafuta kidogo, ichemke kwa chumvi, kitunguu, tangawizi na nyanya mbili mpaka ilainike. Antananarivo iko karibu mita 1,300 juu ya bahari na maji huchemka kwenye nyuzi kama 96, kwa hiyo muda mliouzoea nyumbani ongezeni robo. Majani huingia mwisho, dakika kumi hadi kumi na tano: *anamamy*, ambayo ni jamaa ya mnavu, *anandrano* na *anamalao*.

Hiyo anamalao ndiyo ya kuwatangazia wageni mapema. Vitumba vyake vya maua ya njano vinafanya ulimi uwashe na ufe ganzi kidogo, mate yanajaa. Mgeni asiyeambiwa anaweka kijiko chini akidhani chakula kimemdhuru. Akiambiwa kabla, anatafuta vitumba vingine.

4. Ravitoto si kisamvu cha kwetu

Majani ni yale yale, *ravi* ni jani na *toto* ni kutwanga, lakini upishi umeachana. Ravitoto ya nyanda za juu hupikwa na nguruwe mwenye mafuta: nyama inachemshwa, maji yanakauka, inakaangika kwa mafuta yake, ndipo majani yanaingia na maji kidogo, saa moja au zaidi, mpaka maji yaishe na mafuta yajitenge. Inakuwa kavu na nyeusi kuliko kisamvu. Pwani ya mashariki wanatia nazi, na hapo wageni wenu watajiona wako nyumbani.

Majani mabichi ya muhogo yana sumu ya sianidi. Kutwanga kunaifungua, kuchemsha kunaitoa na mvuke. Asiwepo mtu wa kuharakisha: yatwangwe mpaka nyuzi zisionekane, na nusu saa ya kwanza sufuria isifunikwe kabisa.

Kwa wageni Waislamu ombeni sufuria ya pili tangu jana yake, ya ng'ombe au ya nazi tupu, na muulize nyama imechinjwa na nani. Kuchomoa vipande vya nguruwe kwenye sufuria ile ile ni kumdanganya mgeni. Ulizeni vilevile kuhusu mafuta ya *ramanonaka*, vitumbua vya chumvi, kwani mara nyingi ni ya nguruwe. Njugu mawe nazo, *voanjobory*, kwa kawaida hupikwa na nguruwe.

5. Ulizeni fady kabla ya kufungua kikapu

*Misy fady ve eto?* Sentensi hiyo moja itawaokoa mara nyingi. Fady ni mwiko wa ukoo, wa kijiji, wa mto au wa kilima, na hautabiriki kwa ramani: nyama ya nguruwe inaruhusiwa sokoni, lakini kwenye baadhi ya sehemu takatifu mwendo mfupi kutoka hapo haipiti hata ikiwa ndani ya mfuko. Pengine kitunguu ndicho kinachokatazwa. Makaburi hayanyooshewi kidole. Mnakikunja na kuonyesha kwa fundo. Ndani ya nyumba ya kale, pembe ya kaskazini mashariki ni ya wahenga, msiweke hapo mabegi ya wageni.

6. Kuku ana viti

Mkubwa wa nyumba ndiye anayeanza kula, hata kama wageni wametoka safari ya mwendo wa saa nane. Kuku akipakuliwa, kiuno chake, *vodiakoho*, ni cha wazazi na wazee. Mgeni kijana akikichukua kwa kuwa kiko karibu naye, amejipa heshima isiyo yake. Mpakulieni ninyi, msimwachie upawa. Neno *vody*, kiuno, limo pia katika jina la posa: *vodiondry*, kiuno cha kondoo, ambacho zamani kilipelekwa kwa wazazi wa binti na leo kwa kawaida ni bahasha ya fedha, jina likiwa limebaki.

Na hapo wageni wataruka: *ondry* si kondoo? Ndiyo, na *akoho* ni kuku, *omby* ni ng'ombe, *akanga* ni kanga, *amboa* ni mbwa. Mifugo ilivuka bahari na majina yake. Msivuke mpaka lakini, kama wengine wanavyofanya, mkawaambia kwamba Kimalagasi ni mtoto wa Kiswahili. Mwili wa lugha ile ni wa Kiaustronesia, na ndugu zake wa karibu wako Borneo.

7. Famadihana

Julai hadi Septemba, nyanda za juu, familia huwatoa wafu wao makaburini na kuwavisha sanda mpya. Msipeleke wageni bila mwaliko, nendeni na bahasha ya mchango, na picha ziombwe. Chakula ni *vary be menaka*, wali wenye mafuta mengi, na mafuta yale ndiyo ukarimu wenyewe. Msimwombe mpishi ayapunguze. Mgeni asiyeweza apakuliwe kidogo na amalize.

8. Asubuhi

Fikeni kwa wauza *mofo gasy* kabla ya saa moja na nusu. Ni ndugu wa kitumbua: unga wa mchele, sukari na hamira, ukilala usiku kucha, ukimiminwa kwenye vikaango vya mashimo juu ya mkaa. Mzuri ana tundu tundu ndani na ukingo mkavu; ukikatika kama uji, haukuumuka. Kwenye trei ya jirani kutakuwa na *koba*, karanga, ndizi na unga wa mchele vilivyofungwa kwa majani ya mgomba na kuchemshwa kwa saa nyingi. Akikatiwa mgeni, kipande kiwe chembamba kama kidole, maana koba hujaza.

Bebeni noti ndogo za ariary. Na muuzaji mzee akitaja bei inayowashtua, muulizeni kwa upole kama anahesabu kwa faranga. Faranga ilibadilishwa na ariary mwaka 2005, lakini wazee wengi bado wanaitumia kwa mdomo, na faranga tano ni ariary moja.