Kuhusu kuosha kioo kikuu cha darubini nyumbani

Ndugu, umeeleza kwamba ulimulika tochi ndani ya bomba la darubini yako ya kutazamia nyota, ukaona vumbi limetanda juu ya kioo kikuu, yaani kile kinachokusanya mwanga, na sasa unakusudia kulipangusa kwa kitambaa cha miwani. Nakusihi usifanye hivyo. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii nilikipangusa changu vivyo hivyo, na michirizi niliyoiacha siku ile ningali naiona kila ninapokitoa.

Kioo cha kujitazamia hupakwa utando wake upande wa nyuma, lakini cha darubini hupakwa alumini upande wa mbele, na utando huo, wenye unene wa takriban nanometa 100 (nanometa ni sehemu moja ya bilioni ya meta), aghalabu hukingwa na tabaka jingine jembamba tu. Vumbi lina chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko alumini, hivyo ukilikandamiza kwa kitambaa unakuwa umeshika msasa.

Tena usiihukumu hali ya kioo kwa tochi, kwa kuwa kioo chochote kikimulikwa kwa upande gizani huonekana kichafu mno. Vumbi likifunika sehemu 1 kwa 100 ya uso wake, mwanga unaopotea hukaribia kiasi hichohicho, nalo jicho haliwezi kuutambua upungufu huo. Mimi huosha changu ninapoona mafuta, chavua iliyonata au madoa ya umande uliokaukia, na kati ya kuosha na kuosha hupita miaka.

Ukiridhika kwamba kinahitaji kuoshwa, vua pete na saa, tia alama ya jinsi kioo kilivyokaa katika kishikio chake, kisha kitoe na ukilaze juu ya taulo ndani ya beseni. Puliza vumbi kwa pumulio la mpira, wala si kwa kinywa, maana mate yatakuongezea kazi. Mwagia maji ya vuguvugu kwa muda, halafu kiloweke katika maji yenye matone machache ya sabuni ya vyombo isiyo na manukato wala mafuta ya kulainisha mikono. Kuloweka huku ndiko kunakosafisha, kwa hiyo usikuharakishe. Baadaye tu, kioo kikiwa bado majini, buruta juu yake donge la pamba halisi kwa uzito wake lenyewe, bila kulibonyeza, na kila mburuto utumie donge jipya.

Suuza kwa maji ya bomba, na mwisho kabisa kwa maji yaliyokenekwa, kwa sababu madini ya maji ya kawaida huacha madoa yanapokauka. (Ukiyanunua kwa jina la «maji ya betri», soma lebo ya chupa kwa makini: kuna watu wanaoiita hivyo asidi ya betri pia.) Kisimamishe kwa ubavu kikauke chenyewe, na matone yaliyobaki yaguse kwa ncha ya karatasi laini yanyonywe.

Unapokirudisha, vibanio visikibane, kwa kuwa kioo kilichobanwa huzifanya nyota zionekane zenye pembe. Kisha ulinganishe vioo upya, yaani uvirekebishe vielekeane sawasawa.

Lenzi za machoni, zile za darubini unazochungulia kwazo, ni habari nyingine, kwani hizo hushika mafuta ya kope: puliza, piga brashi laini, halafu futa taratibu kwa pamba iliyolowanishwa kidogo na spiriti ya isopropili. Usiimimine spiriti juu ya lenzi yenyewe, maana itapenya ukingoni na kuingia ndani, mahali ambapo hutaweza kuifikia bila kuifungua.