Chaneli 2 au 4? Inategemea unavyochanganya

Ndugu yangu, umeuliza kama kontrola ya DJ (mashine ya kuchanganyia nyimbo) ya chaneli 2, yaani njia mbili za kupitishia nyimbo, itakutosha au ujikaze ununue ya 4. Swali la kwanza ni hili: mara ngapi nyimbo tatu zinalia kwa pamoja kwenye miksi zako? Kama kazi yako ni kuutoa wimbo mmoja na kuingiza mwingine, 2 zinatosha kabisa. Kontrola iitwayo DDJ-FLX4 ina 2 tu, na unaweza kujifunza kila kitu cha msingi juu yake.

Chaneli 4 zina maana pale unapoacha lupu ya ngoma (kipande kinachojirudia) izunguke chini, huku nyimbo mbili zikipokezana juu yake. Nimefanya hivyo kwa miaka, siwezi kurudi nyuma. Lakini angalia jambo moja ambalo wengi hulisahau: kontrola nyingi za chaneli 4, kama DDJ-FLX6, zina magurudumu mawili tu ya kuendeshea nyimbo kwa mkono. Unabonyeza kitufe kuhama deki (sehemu inayocheza wimbo mmoja) ya 1 kwenda ya 3, na kile kitelezi cha kasi kinabaki pale ulipokiacha. Lazima ukisogeze kwanza mpaka kifikie kasi ya wimbo ulioko, ndipo kishike. Zoea hilo nyumbani, si mbele ya watu.

Hakikisha pia programu ya kuchanganyia kwenye kompyuta inakubali: Serato DJ Lite ni deki 2, Pro ndiyo inafika 4.

Kama unataka tu sauti ya mwimbaji juu ya mdundo mwingine, jaribu kwanza kutenganisha sauti hiyo na muziki wake ndani ya programu. Chaneli 2 zinaliweza hilo.