Niliandika barua ya kumuunga mkono wakili aliyenishinda barazani

Nimekuwa mtendaji wa kijiji kwa miaka 17 huku Mufindi, na kama kuna kitu mkono wangu umekizoea ni barua ya "namfahamu vizuri". Kijana anakwenda JKT, mama anaomba mkopo na kikundi chake, mzee kapoteza kitambulisho. Wote hao niliwaandikia kuwa wana tabia njema, nikagonga muhuri, wakaenda zao. Wengine nilikuwa sijui hata majina yao mpaka wanitajie pale pale mezani.

Kwa hiyo wakili mmoja wa Iringa aliponipigia simu kuniomba niwe mdhamini wake, nilijibu bila kufikiri. Alikuwa anaomba nafasi ya Kamishna katika Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Ni mama ambaye wanyonge wengi wa huku wanamjua, maana kesi zao amezibeba, nyingine bila malipo. Nikamwambia, "Hakuna shida, binti yangu, hata kesho utaipata."

Akacheka. "Kamwene baba, usiharakishe. Sitaki barua ya mtendaji."

Nilijifanya sijaelewa. Kesho yake nikapanda gari mpaka Mafinga, nikaingia kwenye steshenari moja ya kuchapa na kutoa kopi. Kijana wa pale hakuniuliza hata jina la mtu. Alifungua faili kwenye kompyuta, na barua ilikuwa tayari: YAH: BARUA YA UTHIBITISHO WA TABIA NJEMA. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Ni mchapakazi, mwadilifu, anajituma, ana ushirikiano na watu wa rika zote. Nilichotakiwa kuongeza ni jina tu. Nikalipa, nikaikunja na kuitia kwenye koti. Nikiwa kwenye gari narudi nikaitoa kuisoma tena, nikaona kwamba barua ile ningeweza kumpa hata shemeji yangu, ambaye hata jembe la mtu huwa harudishi. Nikaichana.

Sasa niwaambie kwa nini wakili huyu alinitafuta mimi na si watu wakubwa anaowajua. Mwaka 2014 alitushtaki. Halmashauri ya kijiji chetu ilikuwa imempa mtu mmoja mwenye mtaji kutoka mjini ekari 6 za kupanda milingoti, na ekari zile zilikuwa za mjane. Mume alipofariki, ndugu za mume walisema ardhi ni ya ukoo na mwanamke amekuja kuolewa tu. Sisi halmashauri tukaona njia rahisi ni kukubaliana na walio wengi. Shauri likafika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na mimi nikaitwa kuwa shahidi wa kijiji kwa sababu muhtasari wa mkutano mkuu ulioidhinisha ardhi ile niliuandika mimi.

Nilikuwa nimejiandaa kwa fujo. Nilitegemea wakili atapiga kelele, ataniita mwongo mbele ya mwenyekiti na wazee wa baraza, nami nina majibu yangu. Hakufanya hivyo. Alinipa ule muhtasari niushike mwenyewe, akaniomba nisome tarehe. Nikaisoma. Akauliza siku hiyo kijijini kulikuwa na nini. Nikakaa kimya kidogo, kisha nikasema kulikuwa na msiba. Akauliza waliohudhuria mkutano mkuu walikuwa wangapi. Kwenye karatasi nilikuwa nimeandika 214. Akauliza tena, kwa sauti ile ile ya chini, "Na waliokwenda makaburini, baba?"

Kijiji kizima kilikuwa makaburini. Hata mimi nilikuwepo, nimeshika sepetu.

Akasema hana swali zaidi, akakaa. Mkutano ule haukuwahi kufanyika. Niliandika muhtasari wiki mbili baadaye kwa kuambiwa na wakubwa wangu wa kijiji, nikachagua tarehe bila kuangalia kalenda. Tulishindwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kifungu cha 20, inasema wazi kuwa mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi ni batili. Kitabu hicho kilikuwa kabatini ofisini kwangu muda wote ule, juu yake nimeweka chupa ya chai.

Lakini kilichonifanya nimheshimu yule mama kilitokea baada ya hukumu. Alirudi kijijini, hana joho wala mafaili, akatukalisha nje ya ofisi: mjane, shemeji zake, na yule mpanda miti ambaye tayari alikuwa ameshatia miche ardhini. Alikuwa ameshinda, angeweza kutuacha tugombane. Tulikaa kuanzia asubuhi yenye ukungu hadi jua la saa kumi. Mwisho wake mpanda miti alikubali kuondoka, shemeji wakakubali kumrudishia fedha zake kwa awamu, na mipaka ikawekwa kwa kupanda masale mbele ya watu wote. Mimi sikuambiwa neno lolote kuhusu ule muhtasari. Aliniomba tu kalamu.

Hayo ndiyo niliyoyaandika. Ukiombwa umuunge mkono mtu kwa nafasi kubwa ya haki, andika ulichokiona, na kama ulichokiona kinakuaibisha wewe, kiandike hivyo hivyo. Sifa kutoka kwa rafiki kila mwombaji anazo, zimejaa bahasha. Sifa kutoka kwa mtu aliyeshindwa naye zina uzito wake, maana msomaji anajiuliza huyu anapata faida gani.

Nikamwomba binti yangu wa kumzaa, anayesoma sheria pale Iringa, anieleze kazi ya Kamishna ni nini hasa. Naona aibu kusema kwamba miaka yote nilidhani Tume ni kama mahakama nyingine. Alinifungulia Katiba, ibara ya 129 na 130. Tume inapokea malalamiko, inachunguza, inapatanisha na kusuluhisha, inaishauri Serikali, na ikibidi inafungua shauri mahakamani. Makamishna wanateuliwa na Rais baada ya kushauriana na Kamati ya Uteuzi, ambayo mwenyekiti wake ni Jaji Mkuu; wamo Spika wa Bunge, Jaji Mkuu wa Zanzibar na Spika wa Baraza la Wawakilishi, na katibu ni Naibu Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Fikiria sasa watu hao wanafunguliwa barua yako inayosema fulani ana ushirikiano na watu wa rika zote.

Kujua kazi kulinisaidia kuchagua. Siku ile ya kukaa nje ya ofisi ya kijiji, ambayo mwanzoni niliiona ni jambo dogo la pembeni, ndiyo nikaipa aya ndefu kuliko zote, kwa sababu usuluhishi umo katika kazi yenyewe. Ushindi wa barazani niliupa mistari minne. Kwamba ni mcha Mungu na anaimba kwaya niliacha kabisa, ingawa ni kweli na anaimba vizuri.

Palipobaki pagumu palikuwa suala la moto.

Huku kwetu miti ndiyo benki. Mtu anapanda paina leo akijua ni ada ya chuo ya mtoto aliye mgongoni. Moto ukiingia shambani kiangazi, kilichokusanywa miaka 12 kinakwisha kwa mchana mmoja. Miaka michache iliyopita moto mkubwa uliteketeza mashamba ya watu, akakamatwa kijana mchunga ng'ombe, na kijiji kizima kilishamhukumu kabla hajafika kituoni. Yule mama akamtetea. Watu walikasirika kweli kweli. Nilisikia kilabuni, juu ya ulanzi, mtu akisema wakili yule anakula na wachoma misitu. Mahakama ilikuja kuona kijana hana kesi ya kujibu, kwa kuwa hakuna shahidi hata mmoja aliyemwona na moto. Hasira hazikuisha. Na mimi mwenyewe, niseme ukweli, nilikuwa na ekari 2 zilizoungua siku ile.

Nilitaka kuliruka. Niliona nikitaja kesi ile nitakuwa nimemchomea. Binti yangu ndiye aliyenizuia, akanisimulia habari ya Marekani. Rais Obama alimteua wakili Debo Adegbile kuongoza Kitengo cha Haki za Kiraia katika Wizara ya Sheria ya nchi hiyo. Sifa alikuwa nazo tele: alikuwa amesimama hadi Mahakama ya Juu kutetea sheria ya haki ya kupiga kura. Lakini taasisi aliyofanyia kazi iliwahi kushughulikia rufaa ya Mumia Abu-Jamal, aliyetiwa hatiani kwa kumuua polisi Daniel Faulkner mjini Philadelphia mwaka 1981. Mambo yakawa hayo tu. Tarehe 5 Machi 2014 Seneti ikapiga kura, 47 kwa 52, uteuzi ukakwama, na baadhi ya waliomkataa walikuwa wa chama cha Rais mwenyewe. Mtu alipimwa kwa jina la mteja.

Nikamuuliza binti, sasa si ndiyo sababu ya kunyamaza? Akasema, "Baba, wao hawakungoja mtu awaambie. Wapinzani walilijua toka mwanzo. Kama likija kujulikana na wewe mdhamini hukulitaja, itaonekana ulilificha." Wanafunzi wa siku hizi wanajibu kama mahakimu, lakini hapo alikuwa sahihi.

Basi nikaandika aya fupi: kwamba alimtetea kijana ambaye kijiji kilimchukia, kwamba miti yangu iliungua katika moto ule, na kwamba nilikuwepo mahakamani nikaona ameuliza mashahidi maswali ambayo sisi viongozi tulipaswa kuuliza kabla ya kumkabidhi kijana kwa polisi. Sikusema kijana ni safi. Sijui nani aliwasha moto, na barua haikuwa ya kijana.

Mengine ni madogo ila yanaharibu. Mwenyekiti mmoja wa chama katani alijitolea tuweke na muhuri wake ili barua "iwe na nguvu". Nilimkatalia kwa adabu. Katiba yenyewe inamtaka anayeteuliwa Kamishna aache mara moja madaraka yoyote aliyo nayo katika chama cha siasa. Sasa unamtanguliza mtu na muhuri wa chama ili iweje? Mwingine akaniambia anamjua dereva wa mkubwa fulani Dodoma, tumpigie. Huyo sikumjibu. Wala usiandike kwa karatasi ya ofisi ya kijiji kama maoni ni yako; mimi nilitumia karatasi nyeupe, nikaweka jina langu, cheo nilichokuwa nacho wakati wa shauri, na namba ya simu ambayo huwa naipokea.

Ilitoka kurasa moja na nusu. Kabla ya kuipeleka nilimsomea wakili kwenye simu, maana jambo la muhtasari lilinihusu mimi lakini la moto lilimhusu yeye, na sikutaka alikute limeshafika Dodoma. Nilipofika kwenye makaburi alikaa kimya muda mrefu hadi nikadhani mtandao umekata.

"Baba," akasema, "hiyo 214 ungeweza kuiacha."

Nikamwambia naiacha ilivyo.

Nafasi ile hakuipata. Wiki iliyopita amenipigia tena, safari hii ni nafasi nyingine, ya ujaji, na amenitaka barua ile ile nibadilishe tarehe. Nimemwomba wiki mbili. Kazi ya jaji siyo kukaa nje ya ofisi ya kijiji kusuluhisha shemeji, na aya yangu ndefu kuliko zote inabidi iwe nyingine. Nimeanza kuandika kwa mkono, kwenye daftari, na kwenye steshenari ya Mafinga nitakwenda siku ya kuchapa tu.