Kabla ya Kuota Mashine, Jifunze Kufunga Bomba

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Kayole aliniandikia: "Dada, nimemaliza digrii ya jiolojia, nataka kupima isotopi za gesi adimu kama wewe. Nianze na programu gani ya kompyuta?" Niliusoma ujumbe wake nikiwa kwenye matatu ya Rongai, na sikumjibu kwa siku mbili. Alikuwa amenitonesha kidonda. Mimi pia nilianzia kwenye kompyuta, kumbe nilichokihitaji kilikuwa kwa fundi wa friji, Barabara ya Kirinyaga.

Mdogo wangu, najua kilichokuvuta, maana ndicho kilichonivuta mimi. Gesi adimu ni kama heliamu, neoni na arigoni; isotopi ni atomu za gesi ileile zenye uzito tofauti, na namba iliyo mwishoni mwa jina hutaja uzito huo. Heliamu-3 iliyo ndani ya dunia ilinaswa humo dunia ilipokuwa ikiumbika, miaka bilioni 4.5 iliyopita. Heliamu-4 huzaliwa kila siku, atomu za urani na thori, metali zenye mionzi, zinapovunjika zenyewe ndani ya miamba. Katika hewa tunayovuta kuna atomu moja ya heliamu-3 kwa kila atomu 720,000 hivi za heliamu-4. Gesi inayotoka kwenye koti la dunia, yaani tabaka nene lililo chini ya ganda la juu, chini ya matuta ya katikati ya bahari, ina uwiano mara 8 hivi ya huo. Ile ya ganda kuukuu la bara haifikii hata sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo ukikinga mapovu ya chemchemi ya Bonde la Ufa na kuyapima, yatakueleza yametoka kina gani. Usiku nilioelewa jambo hilo sikupata usingizi.

Nikaenda Bogoria. Jua lilikuwa kali, mvuke ulinichoma mikono, na dereva aliyetubeba alipiga honi mara tatu akitaka kuondoka. Niliweka faneli juu ya mapovu, nikaunga mpira mrefu wa plastiki, nikaacha gesi ipite dakika tano tu, kisha nikakaza vibanio vya chuma juu ya bomba la shaba lililoungwa na mpira huo, ili liminywe na kuifungia gesi ndani. Spana iliponiuma kiganja nikaacha kukaza. Nilijua nati haijafika mwisho, nikaacha. Sampuli 12.

Habari za vibali na foleni ya maabara ya ng'ambo naziruka. Majibu yalikuja yakiwa na mistari miwili na jedwali. Kwenye safu ya heliamu-4 kwa neoni-20 niliona 0.32, 0.32, 0.33, 0.32, mpaka chini. Hiyo 0.32 ni namba ya hewa. Heliamu ni nyepesi, huitoroka dunia kabisa, ndiyo maana imebaki sehemu 5 tu katika milioni ya hewa. Neoni hubaki, ina sehemu 18. Ukiona neoni nyingi hivyo kando ya heliamu yako, basi umefungia hewa. Mashine ya kupimia yenyewe haikuwa na kosa. Titani, metali iliyopashwa moto ndani yake, ilikula nitrojeni na oksijeni, mkaa uliopozwa kwa nitrojeni kimiminika ukashika arigoni, kikabaki kile nilichopeleka, yaani hewa ya kando ya ziwa.

Mkubwa mmoja akasema mbele ya kikao kizima kwamba nimesafirisha upepo wa Baringo kwa ndege. Watu walicheka. Ni miaka sita sasa, na bado naijua sauti ya kila aliyecheka.

Kilichonishika mkono ni kisa cha Koobi Fora, eneo la mabaki ya watu wa kale. Huko mashariki mwa Ziwa Turkana, wataalamu wa Uingereza walipima arigoni kwenye jivu la volkano ili kujua umri wake, maana potasiamu-40 ikivunjika huacha arigoni-40, na mwaka 1970 wakatangaza miaka milioni 2.61. Mtafuta mabaki Bernard Ngeneo alipoliona fuvu la kale lililopewa namba 1470 mwaka 1972, chini ya jivu hilo, dunia nzima ikaamini lina umri kupita huo. Mabishano yalidumu karibu miaka kumi. Jivu lilikuwa limechanganyika na chembe za miamba mikongwe zaidi, na umri wake halisi ukatulia kwenye milioni 1.88. Kama hao waliponzwa na uchafu ndani ya sampuli, mimi ni nani nikate tamaa?

Nilirudi Bogoria na dereva mwingine. Safari hii nilijaza faneli, mpira na bomba kwa maji ya chemchemi yenyewe, nikaacha mapovu yayasukume nje. Nikangoja nusu saa, nikangoja nusu saa nyingine. Mpira ulikuwa mfupi kama kiganja, kwa sababu heliamu hupenya plastiki. Nilikaza kibanio cha upande wa kutokea kwanza, kisha cha kuingilia, mpaka nati ikagoma kabisa na kuta za shaba zikashikana zikawa kitu kimoja. Majibu yalipokuja, heliamu kwa neoni ilizidi ile ya hewa mara mamia. Nililia ofisini, mlango wazi.

Vijana wenzangu wa Nairobi, tuache kukimbilia picha ya maabara. Sote tunataka jina kwenye jarida, na si dhambi. Lakini hakuna hesabu itakayotoa hewa iliyokwisha kuingia kwenye bomba. Toa hewa. Ukidhani umeitoa, itoe tena. Dereva akipiga honi, mwache apige. Mkono ukiuma, funga kitambaa uendelee kukaza. Tumelelewa kuheshimu mashine ya mgeni kuliko mikono yetu wenyewe, na hilo linaniuma kuliko kile kicheko.

Kuhusu programu, mdogo wangu, jedwali la kawaida la kompyuta linatosha kwa mwaka wa kwanza. Nunua mita mbili za bomba laini la shaba, lile la mafundi wa friji, na usilikunje njiani. Jumamosi niko nyumbani Rongai, nina vibanio vinne na spana. Njoo tukaze.